Shokapu za gari la safari: swali ambalo muuza spea hakuulizi

Ukiingia duka la spea Kariakoo na kusema unatafuta shokapu, utaulizwa maswali matatu kabla hujamaliza kufuta jasho. Gari gani? Ya mwaka gani? Mbele au nyuma? Ukishajibu, kijana anapotelea stoo, anarudi na maboksi mawili, anayabwaga kaunta, na mazungumzo yanayobaki ni ya bei. Kwa Noah inayotoka Tabata asubuhi kwenda Posta na kurudi jioni, maswali hayo yanatosha. Kwa Land Cruiser mkonga iliyopakia watu saba, hema, maji na dizeli ya akiba kuelekea Ruaha, hayatoshi, kwa sababu hakuna aliyeuliza la nne: imebeba nini?

Somo hili nimelilipia mara mbili na risiti zote ninazo.

Tuanze na kazi yenyewe, maana mkanganyiko mwingi unazaliwa hapo. Shokapu haibebi gari. Inayobeba ni springi, iwe ya koili au ya majani. Ng'oa shokapu zote nne za hiyo mkonga na gari litabaki limesimama kimo kilekile. (Zile zenye gesi ya shinikizo kubwa husukuma kidogo juu, lakini ni kidogo kweli.) Ubaya wa springi ni kwamba ukiibonyeza haijui kutulia: inarudi, inapitiliza, inabonyea tena, inarudi tena. Shokapu imewekwa pale kuituliza. Ndani mna pistoni yenye vitundu vilivyofunikwa na vibati vyembamba vya chuma, na pistoni hiyo haina njia ya kupita isipokuwa katikati ya oili.

Chukua bomba la sindano lisilo na sindano, lijaze mafuta ya kula, kisha lisukume. Ukisukuma polepole mafuta yanatoka bila ubishi. Ukisukuma kwa pupa kidole kinauma. Shokapu iko hivyohivyo. Haijali sana gurudumu limepanda kiasi gani, inajali limepanda kwa kasi gani. Na ile nguvu iliyozuiwa haipotei hewani, inageuka kuwa joto ndani ya oili. Ukilishika hilo moja, maneno mengi yaliyoandikwa juu ya maboksi utayaelewa bila mkalimani.

Ndiyo maana kesi nyingi zinazofunguliwa dhidi ya shokapu zinamhusu mtu mwingine. Gari linakaa chini nyuma likipakiwa? Springi. Limeinama upande wa dereva? Mara nyingi ni springi pia, kwa kuwa dereva ndiye abiria pekee asiyeshuka. Mimi nilifunguliwa macho na fundi mmoja mzee pale Ilala, wakati nimeshabadilisha shokapu za nyuma mara mbili ndani ya mwaka mmoja.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hii gari imekufanya nini?"

"Shokapu za nyuma, mzee. Za kwanza zilikufa, hizi mpya zinagonga."

Hakuzigusa shokapu. Alichuchumaa nyuma ya gari, akatazama majani ya springi yaliyokuwa yamenyooka kama rula badala ya kupinda kama upinde, kisha akapitisha kidole kwenye ule mpira wa kugongea, unaokaa juu ya ekseli ili chuma kisikutane na chuma. Ulikuwa umeng'aa kama kiatu cha shule siku ya kufungua, na upande mmoja umemeguka.

"Kijana wangu, unamtibu asiyeumwa. Springi zimelala. Kila shimo ekseli inapiga hapa. Shokapu gani itaishi nyumba hii?"

Kwa hiyo kabla ya shokapu ni springi, na kabla ya springi ni mzigo. Mzigo haukisiwi. Watu saba wa kilo 75 ni kilo 525. Maji lita 60 ni kilo 60. Madumu mawili ya dizeli ya lita 20 ni kama kilo 34, kwa kuwa lita moja ya dizeli ina uzito wa takribani gramu 840. Ongeza hema la juu kilo 60, keria ya chuma 40, tairi la pili la akiba na rimu yake 40, friji iliyojaa 40. Hapo tumefika karibu kilo 800 na hakuna begi hata moja lililohesabiwa, wala jiko, wala yule mgeni aliyekuja na lenzi za kamera za kutosha kufungua studio.

Sasa tenga mzigo wa kudumu na mzigo wa kupita. Keria, bampa ya chuma, winchi na droo za mbao nyuma haziteremki kamwe. Abiria na maji huteremka. Gari la kampuni ya utalii linalotembea limejaa wiki nzima linastahili springi nzito. Gari la mtu binafsi linaloshinda tupu Dar na kwenda mbugani mara tatu kwa mwaka, ukilifunga springi za kilo 800 litakuwa linaruka kwenye matuta ya Goba kama mbuzi, na utalichukia kabla ya Ijumaa. Kipimo chepesi ni tepu: pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa matigadi, gari likiwa tupu, kisha likiwa limepakiwa vile linavyosafiri. Langu lilishuka milimita 70 nyuma, na kabla ya hapo lilikuwa tayari limeshuka. Ukitaka uzito wenyewe, tafuta mzani wa malori, upimishe ekseli ya mbele peke yake na ya nyuma peke yake. Jumla peke yake haikuambii kitu kuhusu shokapu.

Hapa lazima niseme neno juu ya kuongeza jani, maana ndiyo dawa yetu ya kwanza mjini. Land Cruiser nzito za mfululizo wa 70 tangu 1999 zina koili mbele na majani nyuma, na ukienda kwa fundi springi atakuongezea jani moja au mawili kwa nusu siku. Si kosa. Ila jani lililoongezwa linafanya springi iwe na nguvu zaidi ya kurudi, na shokapu ileile iliyokuwa ikiituliza sasa inazidiwa. Majani yenyewe husaidia kidogo, kwa kuwa yanasuguana na msuguano nao hutuliza. Koili haina msaada huo, inategemea shokapu tupu. Ukibadilisha springi, basi, jiulize upya kuhusu shokapu. Watu wengi hufanya kinyume.

Mafundi wana maneno mawili mazuri ya kueleza jambo ambalo wauzaji hulizungusha: kubonyea na kurudi. Shokapu ina upinzani wa aina mbili, wakati gurudumu linapanda na wakati linashuka, na viwango hivyo viwili havilingani. Kwa kawaida wa kurudi ndio mkali zaidi, kwa kuwa ndio unaoshindana na springi iliyojaa nguvu. Mtu akikwambia "hii shokapu ngumu", muulize: ngumu wapi?

Risiti yangu ya pili inahusu swali hilo. Nilikuwa nimechoka na shokapu laini, nikanunua zile ngumu kuliko zote dukani, za bei karibu mara mbili. Kwenye lami hadi Kibiti gari lilikuwa limetulia kama meza. Tukaacha lami kuelekea Mloka, upande wa geti la Mtemere la Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, tukaingia kwenye ile barabara iliyojikunja kama bati. Ni kama rasta za lami, ila hizi hazina mwisho. Baada ya dakika chache nyuma kukaanza kugonga, gu, gu, gu, nikaamini springi imekatika. Nikasimama, nikaingia uvunguni: hakuna kilichokatika.

Piga hesabu. Kwa kilomita 60 kwa saa gari linakwenda karibu mita 17 kwa sekunde. Mawimbi yakiachana sentimita 80, gurudumu linapigwa mara 21 kila sekunde. Maana yake lina chini ya sehemu moja ya ishirini ya sekunde kushuka kwenye bonde kabla wimbi linalofuata halijalipiga. Springi zangu zilikuwa zimelala, hazina nguvu ya kulisukuma chini. Shokapu zangu zilikuwa na upinzani mkali wa kurudi, hazitaki lishuke. Gurudumu likawa linapanda hatua moja, linashuka nusu hatua, linapanda tena, mpaka nyuma yote ya gari ikakalia mipira ya kugongea. Shokapu zilikuwa nzima kabisa, na ghali. Zilikuwa tu zimeozeshwa kwa springi isiyo saizi yao.

Risiti ya kwanza ilikuwa ya joto, na hii ndiyo inayowachanganya watu wengi kwa sababu ugonjwa wake hujificha. Shokapu ya kawaida ina maganda mawili, moja ndani ya jingine. Pistoni inafanya kazi katika ganda la ndani; la nje ni akiba ya oili, na juu ya oili hiyo mna hewa. Kwenye matuta ya mtaani haina neno. Kwenye mawimbi ya saa nzima, oili inachemka na kutikiswa hadi inachanganyika na ile hewa na kuwa povu. Povu linapita kwenye vitundu bila upinzani. Usukani unakuwa mwepesi, gari linaanza kuelea, mkia unataka kutangulia kwenye kona. Ukisimama kula chakula cha mchana, oili inapoa, povu linatulia, shokapu inafufuka. Langu lilifanya hivyo njia nzima. Niliporudi Dar fundi akabonyeza kona ya gari kwa mikono miwili, likarudi mara moja na kutulia. "Nzima hii," akasema. Kwa gari la tani mbili na ushee, kubonyeza kwa mkono kunampima fundi kuliko kunavyoipima shokapu.

Kipimo cha kweli hufanyika njiani. Ukitoka kwenye mawimbi marefu, simama, dondoshea kila shokapu matone ya maji kwanza, maana ganda lake huweza kupita nyuzi 100, kisha gusa haraka kwa mgongo wa kiganja. Zote nne zinatakiwa ziwe za moto. Ile ya baridi ndiyo maiti: haifanyi kazi, ndiyo maana haijachoka. Angalia na matairi. Shokapu iliyokufa huacha tairi likiliwa kwa mabonde mabonde kuzunguka uso wake. Kuhusu oili, ukungu mwembamba uliokamata vumbi karibu na sili, ule mpira unaozuia oili isitoke, si kesi. Oili inayotiririka ni kesi.

Viwanda vimejibu tatizo la povu kwa njia tatu kubwa. Ya kwanza ni kutia gesi ya naitrojeni yenye shinikizo ndani ya maganda mawili yaleyale. Ya pili ni kuondoa hewa kabisa na kuweka sponji maalumu yenye vijumba vilivyofungwa, inayobonyea na kurudi bila kuchanganyika na oili; Waaustralia wanaipenda sana kwa magari ya safari. Ya tatu ni ganda moja: oili upande mmoja, gesi ya shinikizo kubwa upande wa pili, na kati yao pistoni huru inayozitenga. Aliyeibuni ni Mfaransa Christian Bourcier de Carbon, na Bilstein ya Ujerumani ilianza kuizalisha kwa wingi mwaka 1957 kwa magari ya Mercedes-Benz. Ganda moja hupoa vizuri kwa kuwa oili inagusa ukuta unaopigwa na upepo, na pistoni yake huweza kuwa pana. Upana si pambo. Pistoni ya milimita 45 ina eneo kubwa kwa asilimia 65 hivi kuliko ya milimita 35, na eneo likiwa kubwa kazi ileile hufanyika kwa shinikizo dogo.

Ila ganda moja lina roho nyepesi upande mmoja: jiwe likilibonyeza, pistoni inakwama pale pale na safari imekwisha. La maganda mawili likibonyea nje, la ndani linaendelea. Kwa hiyo mimi, kwa njia za kusini zenye visiki na mawe, nyuma nafunga maganda mawili yenye ujazo mkubwa wa oili na sponji au gesi. Kwa anayeshinda kwenye changarawe ndefu ya kaskazini, ile ya kutoka Ngorongoro kwenda Naabi na Seronera, ningemshauri ganda moja, na akate bati la kuikinga na mawe. Zile zenye kopo la pembeni na mpira wa kuunganisha nawaachia wenye mashindano. Ukienda mwendo wa kibinadamu unanunua sehemu nyingine ya kugongwa.

Na kabla hujalipa hela ya ziada kupambana na joto, shusha upepo wa matairi. Nikitoka lami nashusha kutoka psi 42 hadi 30 na napunguza mwendo. Tairi lenye tumbo laini linameza sehemu kubwa ya yale mawimbi kabla hayajafika kwenye shokapu. Ni bure, na pampu ndogo ya kuunganisha kwenye betri inakurudishia upepo jioni. Usisahau kuurudisha tu. Lami kwa mwendo mkubwa na upepo mdogo ni habari nyingine mbaya.

Urefu ndiyo eneo ambalo Dar tunajiharibia wenyewe. Jirani yangu alinyanyua Prado kwa kuweka spesa juu ya koili, milimita 50, akabaki na shokapu zilezile. Gari likapendeza. Lakini kila likishuka tuta unasikia ko! kama mtu amegonga sufuria. Tuseme shokapu ina mwendo wa milimita 220, na gari likisimama inakaa katikati: 110 za kubonyea, 110 za kunyooka. Ukinyanyua 50, zimebaki 60 za kunyooka. Gurudumu likidondokea shimoni shokapu inafika mwisho na kuanza kulibeba gurudumu zima kama kamba, kazi isiyo yake. Pistoni inapiga kofia, sili inapasuka, au sikio, ile pete ya kufungia shokapu, linang'oka.

Kosa la upande wa pili ni baya zaidi: shokapu ndefu kuliko nafasi. Ekseli ikipanda, shokapu inafika mwisho kabla mpira wa kugongea haujaguswa, na tani mbili zinatua juu ya rodi moja ya pistoni. Kwa hiyo pima umbali kati ya vishikizo viwili ekseli ikiwa imegusa mpira. Shokapu iliyobonyezwa yote lazima iwe fupi kuliko hapo, na uache nafasi, maana mpira wenyewe nao hubonyea. Kisha nyanyua chesisi kwa jeki, weka stendi, acha magurudumu yaning'inie, upime tena. Tazama na mipira ya breki: ndiyo inayolipa faini shokapu ikiwa ndefu kupita kiasi.

Kuhusu soko letu nitapita haraka. Shokapu za mtumba kutoka Japani, nyingi za Kayaba, zinaweza kuiokoa gari ya mjini, lakini kwa safari unanunua oili iliyochoka na sili zisizojulikana umri. Zile zinazotobolewa, kujazwa oili ya injini na kuchomelewa, usizitie mbugani: sili ni ileile mbovu, oili si ya uzito wake, na gesi kama ilikuwepo imeshaaga. Boksi jipya si ushahidi. Isimamishe shokapu wima, ibonyeze na kuivuta mwendo mzima mara tano sita. Usisikie mahali patupu, na mbili za jozi zifanane mkononi. Rodi iwe laini kama kioo. Sisi wa pwani tuna adui wa ziada: chumvi. Ukitoka ufukweni Saadani bila kuosha uvungu kwa maji yasiyo na chumvi, kutu inachimba vishimo kwenye kromu na kila kishimo kinakuwa msumeno wa sili.

Badilisha jozi, mbili za ekseli moja kwa pamoja. Bolti ya bushi za sikio usiikaze gari likining'inia kwenye jeki. Lishushe kwanza likae kwa uzito wake, vinginevyo mpira unabaki umejinyonga maisha yake yote. Kwa zile zinazofungwa kwa nati kichwani badala ya sikio, kaza hadi mpira uanze kutanuka kufikia ukingo wa washa, basi. Fundi akiongeza "kidogo tu" kwa bomba refu, mwondoe.

Mwezi uliopita nilirudi Kariakoo, springi za nyuma zikiwa tayari mpya. Kijana wa kaunta akaanza: gari gani? Nikampa karatasi: uzito wa ekseli ya nyuma tupu na iliyopakiwa, urefu wa kubonyezwa, urefu wa kunyooka.

"Kaka, hii ni spea au umeandikiwa na daktari?"

Akacheka, akaenda stoo, akarudi na aina mbili, zote zimeandikwa jina la gari langu na nambari ya modeli ileile. Nikamwomba tepu. Tukaibonyeza ya kwanza hadi mwisho, yeye akiikalia kwa goti, mimi nikisoma: ilikuwa ndefu kwa milimita 22 kuliko nafasi yangu. Aliitazama ile namba, akaliangalia boksi, akaitazama tena. Kisha akairudisha stoo yeye mwenyewe, bila kuambiwa, na kuivuta ya pili karibu.